Piko: Weusi unaopendeza harusini unavyoweza kuacha makovu

NI nadra kwa bi harusi wa Mombasa, Lamu au Malindi kutokea mbele ya wageni kabla mikono na miguu yake haijapambwa kwa hina. Siku hizi pambo hilo limevuka mipaka ya harusi. Wasichana huchorwa Idi inapokaribia, nao watalii huchorwa ufuoni, wakiamini kuwa wamepata tatuu isiyo na sindano na kwa hivyo isiyo na madhara.

Kwa watu wazima wengi, imani hiyo haina kasoro kubwa iwapo kilichopakwa ni hina. Tatizo ni piko, ile rangi nyeusi ti ambayo wengine huiita hina nyeusi.

Mhina hautoi weusi. Majani yake yakikaushwa, yakasagwa na kukorogwa kwa maji na ndimu, hutoa rangi ya chungwa ambayo hukolea na kuwa nyekundu iliyoiva baada ya siku moja au mbili. Tena hina haina haraka. Huachwa mkononi kwa saa kadhaa, pengine usiku kucha. Piko, kwa upande wake, mara nyingi ni unga wa kutia nywele rangi, na hushika kwa muda mfupi tu.

Ndani ya unga huo mna kemikali iitwayo parafenilinidiamini, inayojulikana zaidi kwa herufi PPD. Ndiyo inayosawijisha mvi duniani kote. Umoja wa Ulaya hauruhusu kemikali hiyo izidi asilimia 2 katika rangi ya nywele inapopakwa, na hauruhusu kamwe itumiwe kuchorea ngozi. Hata hivyo, uchunguzi wa maabara uliofanywa ng'ambo umewahi kupata hina nyeusi yenye zaidi ya asilimia 15. Isitoshe, rangi ya nywele huoshwa baada ya muda uliopangwa, ilhali piko huachwa ikaukie kwenye ngozi.

Anayepakwa mara ya kwanza huenda asihisi lolote kwa siku kadhaa, hata wiki mbili, na wengine hawahisi lolote kabisa. Hapo ndipo penye mtego. Mwili huweza kuwa umekwisha kuichukulia kemikali hiyo kama adui, na mhusika akipakwa tena, ngozi huanza kuwasha na kuvimba katika muda wa saa chache au siku mbili tatu. Malengelenge hutokea yakifuata ua lililochorwa, jani kwa jani. Yakipona huweza kuacha mabaka au makovu yaliyovimba.

Mzio huo kwa kawaida ni wa maisha. Msichana aliyedhurika akiwa na umri wa miaka 10 huenda akashindwa kutia nywele zake rangi atakapofika 50. Anaweza pia kudhuriwa na baadhi ya rangi za nguo na dawa za ganzi aina ya benzokaini, jambo ambalo daktari wa meno anafaa kuelezwa mapema.

Kwa sababu hiyo, uzuri wa maua anayochora fundi si kigezo cha kutosha. La kuuliza kwanza ni kilichomo ndani ya koni yake. Fundi anayejikorogea hina hana sababu ya kuficha, na atasema bila kusita kwamba rangi haitakuwa nyeusi wala haitashika papo hapo. Anayeahidi weusi kwa nusu saa amekwisha kujibu swali. Harufu kali ya dawa ya nywele ni dalili nyingine, na neno "asilia" kwenye pakiti si ushahidi. Wako wanaoshauri kuijaribu piko kidogo mkononi kwanza. Ushauri huo ni mbovu, kwani jaribio lenyewe laweza kuuzoesha mwili mzio.

Hata hina halisi ina mipaka yake. Watoto, hasa wa kiume, waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD wanaweza kuharibikiwa na chembechembe nyekundu za damu wanapopakwa. Upungufu huo hupatikana zaidi katika maeneo yenye historia ndefu ya malaria, Pwani ya Kenya ikiwemo, na wazazi wengi hawajui kama mtoto wao anao. Kwa hivyo ni heri watoto wachanga wasipakwe kabisa. Mtoto aliyepakwa akionekana mnyonge, macho yakawa manjano au mkojo ukawa mweusi, apelekwe hospitalini mara moja.

Aliyepakwa piko na kuanza kuwashwa aoshe mahali hapo kwa maji mengi na sabuni, asitumbue malengelenge, na amwone daktari. Akiweza, aende na pakiti au koni iliyotumika.