Saruji ina banda, kibarua hana



Natoa dukuduku letu sisi vibarua wa ujenzi.

Hapa Dodoma jengo linapoanza, kitu cha kwanza kusimamishwa ni banda la saruji, bati juu na mbao chini ili unyevu usiigandishe mifuko. Hilo ni sawa. Lakini saa saba mchana, jua likiwa kali, saidia fundi aliyebeba zege tangu asubuhi anakula ugali wa mama lishe akiwa amejibanza chini ya lori la mchanga. Je, dereva akiwasha gari bila kuchungulia? Mvua ikinyesha tunakimbilia chini ya zege bichi lililoshikiliwa na mirunda.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko yasiyopungua dakika 60. Tuyapumzikie wapi? Mkataba Na. 167 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1988, unataja wazi mahali pa kulia chakula na pa kujikinga kazi inaposimama kwa sababu ya hali mbaya ya hewa.

Wakandarasi husema ni gharama. Gharama gani? Mirunda na mabati chakavu vimo humo humo kiwanjani, na mafundi ndio sisi! Nawaomba wakaguzi wa usalama mahali pa kazi wasiishie kuuliza kofia ngumu tu, bali wadai banda la kupumzikia lisimame siku moja na lile la saruji.

Kibarua,
Dodoma.