Kamera Kuukuu na Ila Zake

Nairobi, mji alikozaliwa Mohamed Amin mwaka 1943, mpiga picha aliyeionyesha dunia njaa ya Ethiopia ya 1984, ungali na wapenzi wa kamera za mkanda. Naye anunuaye kuukuu, iwe katikati ya jiji au kwenye mitumba ya Kawangware, hana budi kuichunguza kwa utulivu kabla ya kutoa fedha.

Kwanza, aufungue mlango wa nyuma kamera ikiwa tupu, aielekeze lenzi penye nuru, kisha afyatue kwa kila kasi: kwa sekunde 1 pazia hukaa wazi kitambo, na likikwama, aghalabu mafuta yake ya zamani yameganda, na hiyo ni kazi ya fundi. Pili, atazame sponji nyeusi ya kingo za mlango, ambayo kwa dahari ya miaka huoza na kunata, hata nuru ikapenya na kuzitia picha michirizi. Kuibadili si gharama kubwa. Tatu, aimulike lenzi kwa tochi: nyuzi mithili ya utando wa buibui ni kuvu ya unyevu, nayo hula kioo.

Kipimo cha nuru kisipocheza, asafishe kwanza vikalio vya betri kwa pamba yenye siki kidogo. Kwa mfano, kamera ya Pentax K1000, iliyotengenezwa tangu 1976 hadi 1997, yahitaji betri kwa kipimo hicho tu. Pazia lake halitumii umeme.

Basi nakusihi, msomaji, piga mkanda mmoja wa majaribio kabla hujaibeba kamera hiyo harusini, kwani harusi hairudiwi.