Uteuzi wa Jokofu na Chanzo cha Nishati katika Mitumbwi Midogo ya Uvuvi: Mfano wa Musoma, Bunda na Butiama, Mkoani Mara

1.0 Utangulizi

Ziwa Viktoria lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800, na zaidi kidogo ya nusu ya eneo hilo imo Tanzania. Katika Mkoa wa Mara, mialo ya Mwigobero na Makoko mjini Musoma, pamoja na Guta, Kibara na Kisorya wilayani Bunda, ni miongoni mwa sehemu ambako samaki hushushwa kutoka majini. Kutoka ufuoni, samaki hupelekwa viwandani au husafirishwa kwa barabara hadi masoko ya bara, yakiwamo ya Butiama.

Nyavu za sangara kwa kawaida hutegwa jioni na kuopolewa alfajiri. Samaki aliyenaswa mapema huweza kufia majini saa kadhaa kabla ya kuopolewa, kisha husubiri safari ya kurudi mwaloni chini ya jua. Dagaa wana njia yao, kwani huanikwa na kukauka. Sangara na sato wanaouzwa wabichi hutegemea ubaridi. Kwa kadiri bei ya paneli za sola ilivyopungua, wenye mitumbwi wamepata sababu ya kujiuliza iwapo jokofu linaweza kuchukua nafasi ya kasha la barafu. Makala hii inafafanua namna ya kulijibu swali hilo kwa hesabu, kwa kuwa kosa katika uteuzi humwachia mvuvi deni la kifaa na samaki walioharibika kwa wakati mmoja.

2.0 Mzigo wa Joto

Jokofu halitengenezi baridi, huondoa joto. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kukadiria kiasi cha joto kinachopaswa kuondolewa. Joto hilo ni la namna mbili: lililomo ndani ya samaki, na linalopenya kuta za kasha.

Kilo moja ya samaki huhitaji kuondolewa takriban kilojuli 3.6 ili ipoe kwa nyuzi 1 ya Selsiasi. Ikiwa kilo 100 za sangara zina nyuzi 26 na zinatakiwa kufikishwa nyuzi 0, joto la kuondolewa ni kilojuli 9,360. Kilo moja ya barafu inapoyeyuka hufyonza kilojuli 334. Hivyo, kilo 28 za barafu zinatosha kwa kazi hiyo pekee.

Kuhusu kuta, chukulia kasha la lita 190 hivi, lenye eneo la kuta la mita za mraba 2 na povu la poliurethani lenye unene wa sentimita 5. Hewa ya nje ikiwa nyuzi 28, joto linalopenya ni takriban wati 28, sawa na kuyeyusha kilo 7 za barafu kwa siku. Unene wa povu ukifikishwa sentimita 10, kiasi hicho hupungua hadi nusu. Makadirio haya hayajumuishi mfuniko unaofunguliwa mara kwa mara, wala povu lililolowa maji, ambalo hupoteza uwezo wake wa kuhami. Kwa sababu hiyo, kilo 50 za barafu kwa kilo 100 za samaki ni kiwango cha chini kinachofaa kwa safari ya siku moja.

Nyuzi chache zina uzito mkubwa katika jambo hili. Kwa makadirio yanayotumika katika elimu ya uhifadhi wa samaki, samaki aliye katika nyuzi 5 huharibika kwa kasi zaidi ya mara mbili ya aliye katika nyuzi 0, na aliye katika nyuzi 10 kwa kasi ya takriban mara nne. Jokofu la kawaida la nyumbani hurekebishwa lifanye kazi karibu na nyuzi 5. Kwa hiyo hata likifanya kazi ipasavyo, halimpi samaki ubaridi wa barafu inayoyeyuka.

3.0 Aina za Majokofu

Aina ya kwanza ni makasha ya umeme yasiyo na kompresa wala gesi. Ni ya bei nafuu na mepesi, lakini hutumia umeme mwingi kuliko joto yanaloliondoa, na hushusha jotoridi kwa takriban nyuzi 20 tu chini ya hewa ya nje. Mchana wa nyuzi 30, ndani hubaki nyuzi 10.

Aina ya pili ni majokofu yanayoendeshwa kwa mwali wa gesi au mafuta ya taa. Haya huhitaji kusimama wima, jambo lisilowezekana katika mtumbwi unaoyumba. Zaidi ya hayo, mwali wa moto karibu na tangi la petroli ni hatari isiyokubalika.

Aina ya tatu ni jokofu la nyumbani lililounganishwa na inveta. Inveta hutumia umeme hata jokofu linapopumzika, na kompresa ya namna hiyo huvuta mkondo mkubwa mno inapoanza kuzunguka. Betri ndogo hushindwa hapo.

Aina ya nne ni jokofu lenye kompresa ya volti 12 au 24 za mkondo mnyoofu, iliyobuniwa kwa ajili ya magari na mashua. Hustahimili kuyumba kwa kiasi, huanza kwa mkondo mdogo, na kila wati 1 ya umeme huweza kuondoa takriban wati 1.5 za joto katika mazingira ya ziwa. Kati ya aina nne zilizotajwa, hii ndiyo inayofaa kufungwa katika chombo kidogo.

Hata hivyo, kufaa kufungwa si sawa na kufaa kupooza samaki. Kompresa ndogo inayotumia wati 60 huondoa wati 90 za joto. Kwa kasi hiyo, kilojuli 9,360 za kilo 100 za samaki zingehitaji takriban saa 29, bila kuhesabu joto linalopenya kutani. Samaki waliofunikwa kwa barafu iliyopondwa hupoa kwa saa chache, kwa kuwa barafu hugusa mwili wa kila mmoja. Hapa ndipo ulipo udhaifu mkuu wa jokofu dogo: linaweza kutunza kilichokwisha kupoa, lakini haliwezi kupooza mavuno kwa wakati.

4.0 Ukadiriaji wa Nishati

Pale jokofu linapohitajika kwa mzigo mdogo, kama vile chakula cha wavuvi, chambo au dawa, hesabu ya nishati ni kama ifuatavyo. Jokofu la lita 50 linalovuta ampea 4 kwa volti 12, na kufanya kazi nusu ya muda, hutumia ampea-saa 48 kwa siku, yaani wati-saa 576. Kwa kukadiria saa 5 za jua kamili kwa siku na upotevu wa asilimia 25, paneli inayohitajika ni ya wati 154. Kwa kuzingatia mawingu ya mvua za Machi hadi Mei na za vuli, paneli ya wati 200 ni uamuzi wa busara.

Betri inapaswa kukidhi siku mbili, yaani ampea-saa 96. Betri ya risasi haipaswi kutumika zaidi ya nusu ya uwezo wake, hivyo huhitajika ya ampea-saa 200, yenye uzito wa takriban kilo 60. Betri ya lithiamu, inayoweza kutumika hadi asilimia 80, hutosha ikiwa na ampea-saa 120 na uzito wake ni mdogo zaidi, ingawa bei ya kuinunua ni kubwa. Injini nyingi ndogo za kuvuta kwa kamba hazina kizalishi cha kuchaji betri, kwa hiyo haziwezi kutegemewa.

Waya nao una sehemu yake. Mkondo wa ampea 4 katika waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, kwa umbali wa mita 6 kwenda na 6 kurudi, hupoteza volti 0.56; waya wa milimita za mraba 4 hupoteza volti 0.21 tu. Kompresa inayojizima betri ikiwa bado ina chaji mara nyingi inaonesha waya mwembamba. Fyuzi iwekwe karibu na betri, betri ifungwe chini katikati ya chombo mbali na petroli, na kompresa ipate hewa. Aidha, kiunzi cha paneli kisiwazuie wavuvi kuvuta nyavu.

5.0 Mjadala

Ulinganisho wa uzito unatoa picha iliyo wazi. Betri ya risasi ya kilo 60, ikitumika nusu, huipa kompresa umeme wa kuondoa takriban uniti 1.8 za joto. Kilo 60 za barafu huondoa uniti 5.6. Kwa safari ya usiku mmoja, barafu ni ghala la ubaridi linalobebeka kwa wepesi mara tatu.

Kinachofanya jokofu livutie si hesabu ya joto peke yake. Mvuvi anayepokea barafu kwa mkopo kutoka kwa mnunuzi huwa amekwisha kufungwa kumwuzia mnunuzi huyo, kwa bei asiyoipanga. Jokofu lake mwenyewe huonekana kama njia ya kujinasua. Lengo hilo ni halali, lakini mahali pa kulitimiza ni ufuoni. Kugandisha kilo 50 za barafu kutoka maji ya nyuzi 25 huhitaji kuondoa uniti 6.1 za joto. Kwa friza inayoondoa wati 1 ya joto kwa kila wati ya umeme, hizo ni zaidi ya uniti 6 za umeme kwa siku. Mzigo huo hauwezekani mtumbwini, lakini wavuvi kadhaa wanaweza kuuchangia mwaloni palipo na umeme. Maji ya kugandisha lazima yawe safi, kwa kuwa barafu chafu huhamishia uchafu wake kwenye samaki. Ubora huo una matokeo ya mbali: mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Viktoria kutokana na uvuvi wa sumu, na athari zake ziliwafikia hata wavuvi wasiohusika.

6.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba uteuzi wa jokofu huanza na mzigo wa joto, na bei ya kifaa hufuata baadaye. Kwa mitumbwi midogo ya Musoma na Bunda inayorudi kila asubuhi, fedha ya kwanza ielekezwe kwenye kasha lenye povu nene lisilolowa na barafu safi inayogandishwa kwa ushirika ufuoni. Jokofu la volti 12 lina nafasi yake kwa mizigo midogo na safari ndefu, likiwa na paneli, betri na waya vilivyokadiriwa pamoja. Mchuuzi anayepeleka samaki Butiama anahitaji kasha lilelile, kwa kuwa ubaridi uliopotea barabarani hauwezi kurudisha ubora uliokwisha kuondoka.