Mota inayomfikisha bakteria wa kipindupindu utumboni

Kuanzia Mkumbi huko milimani hadi Mbamba Bay kando ya ziwa, hakuna mchota maji asiyejua kwamba kipindupindu hukingwa kwa kuchemsha maji. Kisichosemwa sana ni kwamba bakteria anayekileta huogelea kwa mota, tena mota ya kuzunguka.

Bakteria huyu ana mkia mmoja tu. Zamani wataalamu walibishana kama mikia ya bakteria hupinda au huzunguka. Mwaka 1974, Michael Silverman na Melvin Simon wa Marekani walinatisha mkia wa bakteria kwenye kioo cha hadubini. Mkia ulipozuiwa, mwili wote ukaanza kuzunguka. Ubishi ukaisha: mikia huzunguka.

Nguvu inatoka wapi? Bakteria wa kipindupindu hutumia nishati ya chakula kusukuma nje ya utando wake ioni za sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi ya mezani. Nje zinarundikana, ndani zinapungua. Na kwa kuwa zina chaji chanya huku ndani kukiwa na chaji hasi, zinavutwa kurudi. Baadhi hurudi kupitia vipenyo vya protini vilivyozunguka shina la mkia. Kila zinapopenya, protini hizo husukuma gurudumu la mota, na mkia huzunguka. Ndivyo maji ya Mto Ruvuma yanavyofanya pale Tulila, kwenye mtambo wa umeme wa masista Wabenediktini wa Chipole: yanashuka, nayo mashine inazunguka.

Bakteria wengine, kama E. coli, hutumia ioni za hidrojeni. Lakini wa sodiamu ndio wenye kasi: ndugu wa baharini wa huyu wa kipindupindu amepimwa akizungusha mkia hadi mara 1,700 kwa sekunde. Kwa mota yenye upana wa nanomita 45 hivi, hilo ni jambo la kushangaza.

Lakini kasi ya mota haimtoi bakteria wa kipindupindu chooni ikamfikisha kwenye ndoo. Kwa sekunde nzima anakwenda kama sehemu ya kumi ya milimita. Mvua, mikono michafu na vyoo vibovu ndivyo vinavyomsafirisha. Mota inamfaa akishamezwa, anapopenya ute unaofunika ukuta wa utumbo.

Maji yakichemka sawasawa, utando na protini za bakteria huharibika, na mota haizunguki tena. Chemsheni, kisha yafunikeni, na msiyachote kwa kikombe kilichoshikwa na kila mkono.