Randa kuukuu zina wateja, lakini bei inapangwa na mizani ya chuma chakavu

Mafundi seremala wa Keko jijini Dar es Salaam na wenzao wa Gikomba jijini Nairobi hawahitaji kuelezwa kwa nini randa ya chuma iliyotengenezwa Sheffield miaka ya 1950 bado inagombewa. Ukiisukuma juu ya mninga wenye nyuzi zilizopishana, inatoa maranda membamba na kuacha uso laini, wakati randa mpya ya bei rahisi mara nyingi inaruka na kung'oa nyuzi. Ndiyo maana kazi ya kununua zana kuukuu za mkono, kuzitoa kutu, kuzinoa na kuziuza upya haijafa, hata baada ya mashine za umeme kuingia karibu kila karakana.

Mzigo unatoka pande tofauti. Upo unaotoka kwenye masanduku ya mafundi waliostaafu au waliofariki, na warithi hawajui thamani yake. Upo unaoshuka ndani ya makontena ya mitumba, umechanganywa na baiskeli na vyombo vya jikoni. Tangu miaka ya 1980 pia mashirika ya hisani ya Uingereza yamekuwa yakikusanya patasi, misumeno na randa zisizotumika tena kwao. Watu wa kujitolea, wengi wao wastaafu, huzikarabati, kisha zana hizo hutumwa kwa vikundi vya mafundi katika nchi za Afrika, Tanzania na Uganda zikiwamo.

Mfanyabiashara mmoja wa Dar es Salaam, aliyeomba jina lake lisitajwe, anasema anayemuumiza zaidi ni mnunuzi wa vyuma chakavu. Randa namba 4, ile ya kawaida yenye kisu cha inchi mbili, haifiki kilo mbili. Mwenye mizani anafika nyumbani kwa marehemu na pesa taslimu, anapima sanduku zima kwa kilo, na jioni hiyo hiyo randa, patasi na keekee viko kwenye rundo moja na mabati yaliyooza. Mfanyabiashara akichelewa siku moja, amekosa. Akiwahi, analazimika kupanda juu ya bei ya kilo, na faida yake inaanza kuliwa kabla hajashika hata msasa.

Malalamiko yake hayaishii hapo. Randa nyingi zinazomfikia zimepungua kitu: hazina kifuniko cha kisu, mshikio umevunjika, au skrubu moja imepotea. Mshikio si tatizo, kwani fundi mzuri anauchonga kwa mninga au mpingo na ukadumu kuliko ule wa awali. Skrubu ndiyo kazi. Hesi za randa hizi ni za kipekee. Hazilingani na nati za milimita wala na nyingi za inchi zinazouzwa madukani. Hivyo anachinja randa mbili au tatu kupata moja iliyokamilika, na mwili wa chuma wa zile zilizobaki unarudi kwa yule yule mwenye mizani.

La tatu ni bandarini. Anadai kwamba kontena lenye zana zilizotumika likifunguliwa, anayekadiria huwa hana pa kulinganishia isipokuwa bei ya zana mpya, na patasi yenye kutu ya kidole inatozwa kama imetoka kwenye boksi jana. Upande wa pili wa hadithi hii haukupatikana kwa undani. Ila jambo moja linaonekana wazi kwa yeyote anayesoma orodha ya kimataifa ya forodha: randa, patasi na bobari za mbao ziko chini ya namba 8205.30, misumeno ya mkono iko 8202, na namba hizo hazitenganishi kipya na kilichotumika.

Hapo ndipo kauli za ofisini zinapoanza kuyumba. Afisa mmoja anayeshughulikia biashara ndogo anaona uagizaji wa zana mpya kuwa dalili kwamba sekta ya samani inakua na kwamba zana kuukuu zinajiondokea zenyewe. Huenda sekta inakua kweli. Lakini takwimu zisizotenganisha zana mpya na kuukuu haziwezi kuonyesha kwamba kuukuu zinapotea. Tena, misumeno mingi mipya ina meno yaliyogumishwa kwa joto la umeme hadi tupa haiwezi kuyakata. Yakishakuwa butu, msumeno unatupwa na fundi ananunua mwingine. Msumeno wa zamani unanolewa kwa tupa ya pembe tatu mara nyingi mno katika maisha yake. Kwa hesabu za forodha, karakana inayonunua msumeno kila baada ya miezi michache inaonekana na nguvu kuliko ile inayonoa mmoja kwa miaka ishirini. Fundi anayelipa kutoka mfukoni anaujua ukweli.

Thamani ya zana hizi, hata hivyo, inaweza kuuawa na mikono ile ile inayodai kuiokoa. Kosa la kawaida kuliko yote ni grenda. Muuzaji mwenye haraka anapitisha jiwe la grenda kwenye kisu cha randa ili king'ae, chuma kinapata joto, na ukingoni inatokea rangi ya njano ya majani makavu, kisha zambarau, kisha buluu. Buluu ikishatokea, pale joto limefika karibu nyuzi 300 za Selsiasi na ugumu umeshashuka. Kisu kitanoleka na kitakata kwa dakika chache, halafu makali yatalala. Mnunuzi anayejua anageuza kisu juani kutafuta rangi hiyo kabla ya kuuliza bei. Akiiona kwenye ncha tu, bado anaweza kukata sehemu iliyoungua na kunoa upya, taratibu, akichovya kwenye maji kila mara.

Njia za kutoa kutu zilizo salama ni za polepole. Siki ya usiku mmoja inalegeza kutu nyepesi, mradi chuma kisuguliwe, kisuuzwe kwa maji yenye magadi ili asidi iishe nguvu, kisha kikaushwe papo hapo. Kikisahaulika kwa siku kadhaa, siki inaanza kula chuma chenyewe. Kwa kutu nzito, wengine wanatumia beseni la plastiki, maji yenye magadi ya kufulia na chaja ya betri ya gari: zana inafungwa upande wa hasi, kipande cha nondo upande wa chanya. Kazi hii inatoa gesi inayowaka, kwa hiyo inafanyika nje, mbali na moto. Tena kipande cha chanya kisiwe cha chuma kisichoshika kutu, kwa sababu maji yake yanageuka sumu.

Baada ya hapo ndipo Pwani inapodai chake. Hewa yenye unyevu na chumvi ya Dar es Salaam, Mombasa au Unguja inarudisha kutu haraka kwenye chuma kilichoachwa wazi, na maranda yaliyosahaulika ndani ya randa yanashika unyevu kama sponji. Kinga yenyewe ni ya bei ndogo: kufuta jasho la mikono, kupaka mafuta ya cherehani au nta ya nyuki, kulaza randa ubavu. Wauzaji wachache sana wanamweleza mnunuzi haya. Zana inayorudi na kutu baada ya mwezi inaharibu jina la biashara nzima, na hili ni jambo ambalo wafanyabiashara wangeweza kulirekebisha wenyewe bila kungoja mtu wa forodha.

Ushindani mwingine unatoka kwa wahunzi. Wanageuza springi za magari kuwa patasi na tezo, na wachongaji wa milango na waundaji wa majahazi wanazikubali. Randa ya chuma ya kusubu hawaiwezi, nayo ikidondoka sakafuni inapasuka.

Mbele hakusomeki vizuri. Huko Uingereza na Marekani wakusanyaji na wapenda useremala wa mikono wanazitafuta zana hizi hizi kwenye minada ya mtandaoni, na zile nzuri zaidi huenda zikaacha kuja huku. Vyuma chakavu navyo havitabiriki: Kenya ilisimamisha biashara hiyo Januari 2022 kwa sababu ya wizi wa miundombinu, ikairuhusu tena miezi michache baadaye kwa masharti mapya. Mfanyabiashara wa Dar es Salaam anasema ataendelea maadamu anapata tupa nzuri za pembe tatu. Za sasa, kwa maelezo yake, nyingi zinaisha meno kabla ya kumaliza msumeno mmoja, na tayari ameanza kukataa misumeno isiyo na mnunuzi aliyeahidi.