Matumizi halisi ya mafuta ya magari madogo

Matumizi halisi ya mafuta ni kiasi cha mafuta ambacho gari hutumia likiwa barabarani katika shughuli za kila siku, tofauti na kiasi kilichotangazwa na mtengenezaji baada ya kipimo rasmi. Kwa kawaida gari hutumia mafuta mengi kuliko namba rasmi inavyoonyesha. Tofauti hiyo huonekana sana kwenye magari madogo, kwa sababu gari jepesi huathirika zaidi na uzito wa abiria, mizigo, kiyoyozi na mlima.

Nchini Tanzania suala hili linawagusa watu wengi kwa kuwa magari mengi madogo, kama vile Toyota Vitz, Toyota Passo na Toyota IST, huingizwa yakiwa yameshatumika Japani. Namba zake za mafuta zilipimwa kwa kufuata hali ya barabara za Japani. Katika maeneo ya miinuko, kama Old Moshi kwenye miteremko ya Kilimanjaro, namba hizo huwa mbali zaidi na hali halisi.

## Vizio

Matumizi ya mafuta huelezwa kwa njia tatu. Japani na Afrika ya Mashariki hutumia kilomita kwa lita moja. Namba kubwa ndiyo nzuri. Ulaya hutumia lita kwa kilomita 100. Namba ndogo ndiyo nzuri. Marekani hutumia maili kwa galoni, na maili 50 kwa galoni ya Marekani ni sawa na takriban kilomita 21 kwa lita.

Kizio cha kilomita kwa lita kinaweza kupotosha. Gari lililotoka kilomita 8 hadi 10 kwa lita limeokoa lita 2.5 katika kila kilomita 100. Gari lililotoka kilomita 20 hadi 25 kwa lita limeokoa lita 1 tu, ingawa ongezeko lake linaonekana kubwa zaidi.

## Vipimo rasmi

Kipimo rasmi hakifanyiki barabarani. Gari huwekwa ndani ya maabara, magurudumu yake yakiwa juu ya roli zinazozunguka, na dereva hufuata ratiba maalumu ya kuongeza na kupunguza mwendo. Faida ya njia hii ni kwamba magari yote hupimwa kwa masharti yaleyale, hivyo yanaweza kulinganishwa.

Japani imetumia ratiba tatu katika miaka ya karibuni:
- Kipimo cha 10-15, kilichoanza mwaka 1991, kilikuwa cha takriban kilomita 4 ndani ya dakika 11. Mwendo wa juu ulikuwa kilomita 70 kwa saa, na injini ilikuwa imeshapata moto kabla ya kuanza.
- Kipimo cha JC08, kilichochukua nafasi yake kuanzia mwaka 2011, kilikuwa kirefu zaidi na kilihesabu pia sehemu ya safari inayoanza injini ikiwa baridi.
- Kipimo cha WLTC, kinachotumika tangu mwaka 2018, hutoa namba tofauti kwa mjini, viungani na barabara kuu.

Ulaya ilitumia kipimo cha NEDC hadi kilipoanza kubadilishwa na WLTP mwezi Septemba 2017. Marekani ilibadilisha hesabu yake kuanzia magari ya mwaka 2008, ikaongeza majaribio ya mwendo wa kasi, ya kiyoyozi wakati wa joto na ya hali ya baridi kali. Ratiba hizi zote zina jambo moja linalofanana: zinaigiza barabara tambarare. Hakuna mlima ndani yake.

### Gari moja, namba tatu

Toyota Aqua, gari dogo la mseto wa petroli na umeme lililoanza kuuzwa Japani mwezi Desemba 2011, linaonyesha jinsi kipimo kinavyobadilisha namba. Kwa kipimo cha 10-15 lilipewa hadi kilomita 40 kwa lita. Kwa JC08 lilipewa hadi kilomita 35.4. Nchini Marekani, ambako liliuzwa kwa jina la Prius c, lilipewa wastani wa maili 50 kwa galoni, yaani takriban kilomita 21 kwa lita. Kilichobadilika zaidi ni masharti ya kipimo. Kwa hiyo namba yoyote ya matumizi ya mafuta haina maana kamili mpaka ijulikane imetokana na kipimo gani.

### Vibandiko vya kioo cha nyuma

Magari mengi yanayotoka Japani hufika yakiwa na vibandiko vyenye maandishi ya Kijapani kwenye kioo cha nyuma. Kibandiko chenye nyota huhusu usafi wa moshi. Kingine, ambacho mara nyingi kina asilimia kama +5 au +20, huonyesha kuwa gari lilipita kiwango cha mafuta kilichowekwa na serikali ya Japani kwa magari ya uzito wake. Asilimia hiyo haisemi gari linakwenda kilomita ngapi kwa lita.

## Sababu za tofauti

Sababu kuu zinazofanya gari litumie mafuta mengi kuliko namba rasmi ni hizi:
- Uzito. Gari dogo huwa na uzito wa takriban kilogramu 1,000. Abiria wanne na mizigo vyenye jumla ya kilogramu 300 huongeza karibu theluthi moja.
- Safari fupi. Injini baridi hutumia mafuta zaidi katika kilomita za mwanzo.
- Foleni. Gari lililosimama huku injini ikinguruma linatumia mafuta bila kusogea.
- Upepo wa tairi. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja zaidi na kuwa zito kuzunguka.
- Kiyoyozi. Injini ndogo hutumia sehemu kubwa zaidi ya nguvu yake kukiendesha.
- Uchakavu. Chujio la hewa lililojaa vumbi, plagi zilizochoka na kihisi cha oksijeni kilichokufa hupoteza mafuta. Namba rasmi ni ya gari jipya.

Ubora wa mafuta nao una nafasi yake. Uchakachuaji, yaani kuchanganya petroli au dizeli na mafuta ya taa, uliwahi kuwa tatizo kubwa Tanzania. Mwaka 2010 ilianza kazi ya kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kuyatambua yaliyochanganywa, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ilipandishwa ili kuondoa faida ya uchakachuaji. Usahihi wa pampu za vituo vya mafuta hukaguliwa na Wakala wa Vipimo.

## Mlima: mfano wa Old Moshi

Old Moshi iko juu ya mji wa Moshi, na wakazi wake wengi hushuka mjini kwa ajili ya soko, kazi, shule na hospitali, kisha hupanda tena. Barabara ya Kiboroloni–Kiharara–Tsuduni–Kidia ina urefu wa takriban kilomita 11, na kutoka chini hadi juu hupanda karibu mita 500.

Nishati ya kuinua gari inaweza kuhesabiwa kwa fizikia ya sekondari: uzito wa kilogramu 1,200 (gari dogo pamoja na dereva na mzigo kidogo) ukizidishwa kwa 9.8 na kwa mita 500 ni takriban megajuli 5.9. Lita moja ya petroli ina takriban megajuli 32, lakini injini hugeuza takriban robo tu kuwa kazi ya kusukuma gari, yaani megajuli 8. Kwa hiyo kupanda peke yake kunahitaji takriban lita 0.74, mbali na mafuta ambayo gari lingetumia kwenye tambarare.

Tuseme gari hilo kwenye tambarare huenda kilomita 16 kwa lita. Kilomita 11 zingehitaji lita 0.69. Ukijumlisha na mlima, safari ya kupanda hutumia lita 1.43, sawa na chini ya kilomita 8 kwa lita. Gari likijaa abiria na mikungu ya ndizi hadi kilogramu 1,500, mlima peke yake huchukua lita 0.92.

Wakati wa kushuka sehemu ya nishati hiyo hurudi, kwa kuwa gari husukumwa na uzito wake. Safari ya kushuka ikitumia lita 0.2, safari nzima ya kilomita 22 hutumia lita 1.63, yaani kilomita 13.5 kwa lita.

### Gharama kwa mwenye gari

Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi. Petroli ikiwa shilingi 3,000 kwa lita, mtu aliyeamini namba rasmi ya kilomita 20 kwa lita atatenga shilingi 3,300 kwa safari ya kwenda na kurudi. Kwa kilomita 13.5 kwa lita, safari hiyohiyo ni karibu shilingi 4,900. Dereva wa teksi anayefanya safari tano kwa siku, siku 26 kwa mwezi, atakuwa na pengo la zaidi ya shilingi 200,000. Kwa aliyekopa ili anunue gari, pengo hilo linaweza kumeza marejesho.

### Kushuka na frii

Baadhi ya madereva huweka gia huru, maarufu kama frii, wakati wa kushuka wakiamini kwamba wanaokoa mafuta. Kwa magari yenye mfumo wa kupuliza mafuta kwa kompyuta, mambo ni kinyume. Gari likishuka ndani ya gia bila kukanyagwa mafuta, kompyuta hukata mafuta kabisa, kwa sababu magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Likiwa frii, injini huendelea kula mafuta ili isizimike.

Hatari yake ni kubwa zaidi. Bila msaada wa injini breki hubeba kazi yote, hupata moto na kupoteza nguvu. Kwenye mteremko mrefu dereva hushauriwa kutumia gia ndogo, ambayo kwenye magari ya otomatiki huandikwa 2, L au B.

Gari la mseto huokoa sehemu ya nishati ya kushuka kwa kuchaji betri. Hata hivyo betri ya Aqua ina takriban kilowati-saa 0.9, sawa na megajuli 3.2, na kwa kawaida haitumiki yote. Kwenye mteremko wa mita 500 inaweza kujaa kabla ya kufika chini.

## Udanganyifu wa watengenezaji

Wakati mwingine namba rasmi yenyewe si ya kweli. Mwezi Aprili 2016 Mitsubishi Motors ilikiri kwamba data za mafuta za magari 625,000 zilikuwa zimechezewa. Yalikuwa magari madogo ya injini ya cc 660, yakiwemo eK Wagon na Nissan Dayz. Mwezi uliofuata Suzuki ilikiri kutumia njia za kupima zisizofuata kanuni. Nchini Marekani, Hyundai na Kia zilishusha namba za magari yao mwaka 2012, na mwaka 2014 zilikubali kulipa faini ya dola milioni 100.

## Kupima matumizi halisi

Njia rahisi ni ya kujaza tangi mara mbili. Dereva hujaza tangi hadi pampu ijikate yenyewe, huandika kilomita zilizo kwenye dashibodi, kisha huendesha kama kawaida. Baadaye hujaza tena, ikiwezekana kwenye pampu ileile, na kugawanya kilomita alizotembea kwa lita zilizoingia. Kwa mfano, kilomita 378 kwa lita 28 ni kilomita 13.5 kwa lita.

Kipimo kimoja hakitoshi. Wastani wa mara tatu au nne ni bora zaidi. Katika maeneo ya milima gari lijazwe mahali palepale pa kuanzia, ili kupanda na kushuka vyote vihesabiwe. Namba rasmi hubaki na kazi ya kulinganisha magari mawili yaliyopimwa kwa kipimo kimoja, wakati bajeti ya safari hupangwa kwa namba iliyopimwa kwenye barabara husika. Wastani huo ukishuka ghafla bila njia wala mzigo kubadilika, mara nyingi ni dalili ya hitilafu inayohitaji fundi.