Setilaiti Juu ya Kongo, Filamu za London

Kisanduku kilifika Shela, Malindi, ndani ya begi la nguo, kimezongwa taulo mbili kisivunjike. Kijana alikinunua Uingereza akamletea babu yake likizo ya Disemba, kwa imani moja tu: kule anakoishi, ukiwa na dishi na kisanduku hiki unapata Film4, chaneli ya filamu tupu, bila malipo ya mwezi. Babu ni mwalimu mstaafu na mpenzi wa sinema tangu enzi za kanda za video. Akaniita. "Fundi, huko London ni bure. Basi na hapa nitafutie hiyo bure."

Jibu nilikuwa nalo kabla sijaegemeza ngazi ukutani. Nilipanda hata hivyo, kwa kumheshimu mwenye nyumba, na kwa sababu mahamri yalikuwa yameshatengwa. Nilipokuwa juu ya paa nikamwambia, "Mwalimu, setilaiti yenyewe iko karibu na wewe kuliko ilivyo karibu na mjukuu wako."

Akadhani namfanyia mzaha.

Setilaiti za matangazo ya televisheni hukaa juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka usawa wa bahari. Kwa urefu huo setilaiti huenda sambamba na mzunguko wa dunia, kwa hivyo ukiwa chini unaiona kama iliyopigiliwa msumari mbinguni. Ndiyo maana dishi hufungwa mara moja likasahauliwa. Kila setilaiti hutajwa kwa nyuzi za longitudo za mahali inapoelea. Zile zinazobeba chaneli za Uingereza, jamii ya Astra 2, ziko nyuzi 28.2 mashariki. Shusha timazi kutoka pale hadi ardhini, utagonga msitu wa mashariki ya Kongo. Kutoka kwenye setilaiti hiyo hadi paa la Mwalimu ni kama kilomita 36,000. Hadi London ni kama 39,000. Mtu wa London huelekeza dishi lake chini chini, akichungulia juu ya mapaa ya majirani, maana kwake setilaiti iko nyuzi 25 tu juu ya upeo wa macho. Kwetu Malindi iko nyuzi 75, karibu utosini.

Sisi wa pwani hii, kwa kweli, si wageni wa mambo ya setilaiti. Pale Ngomeni, kaskazini mwa mji, majukwaa ya San Marco ya Waitaliano bado yamesimama baharini kwa miguu yao ya chuma. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, setilaiti ya Marekani ya kuchunguza nyota ilirushwa kutoka hapo, ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ile lakini ilikuwa ya aina nyingine. Ilipita chini, ikimaliza kuizunguka dunia kwa dakika zisizofika mia. Kwa televisheni isingefaa. Ungelazimika kukaa juu ya paa ukilizungusha dishi mchana kutwa.

Sasa, ikiwa setilaiti ya Film4 iko utosini mwetu, mbona hatuipati?

Nenda ufukweni usiku uwaangalie wavuvi. Karabai ikiwashwa kwenye ngalawa humwaga mwanga pande zote. Kurunzi je? Aliyeishika yuko karibu na taa kuliko anayemulikwa, lakini yeye yuko gizani. Antena za setilaiti ni kurunzi. Zaidi ya hapo, uso wa antena ile hufinyangwa kiwandani kwa mabonde na matuta madogo, ili mwale ukifika duniani uwe na umbo la nchi iliyokusudiwa. Chaneli za bure za Uingereza hupitishwa katika mwale mwembamba uliokatwa kwa kipimo cha visiwa vile. Ukitoka nje ya mwale, nguvu huporomoka upesi. Mwaka 2014 chaneli nyingi za Uingereza zilipohamishiwa Astra 2E, Waingereza wenyewe waliostaafia kusini mwa Uhispania walipoteza picha, na wengine walikuwa na madishi makubwa kama mitumbwi. Huku kwetu hata dishi la mita tano lisingeokota kitu. Na ili ujue kwamba umbali si hoja, Astra 2F, jirani yake pale pale nyuzi 28.2, ina mwale mwingine unaomulika Afrika Magharibi. Imeiruka Afrika Mashariki ikatua kwingine.

Mafundi wenzangu wengi huishia hapo: "Signo haifiki." Mwalimu hakutosheka. Kwa nini mtu atumie fedha kuuzuia mwale, wakati kuuachia utawanyike ni rahisi zaidi?

Kwa sababu filamu haiuzwi kama samaki. Ukinunua changu sokoni, changu ni wako, utamla Malindi au utampeleka Mariakani. Chaneli ya filamu hainunui filamu, inanunua ruhusa. Mkataba husema filamu hii utaionyesha nchi fulani, kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani, mara kadhaa, basi. Ruhusa ya Uingereza huuzwa peke yake, ya Kenya peke yake, na mara nyingi wanunuzi ni tofauti. Film4 ikivuja hadi Malindi, aliyelipia haki za Afrika Mashariki atadai ameibiwa, na aliyeuza atapandisha bei. Mwale mwembamba ni mkataba ule ule ulioandikwa kwa mawimbi. Kwenye intaneti ni vivyo hivyo: mtambo ukishatambua kwamba simu yako iko Kenya, mlango unafungwa.

Kuna na foleni. Filamu huanzia jumba la sinema, ikaenda kwa wanaolipa kuitazama nyumbani mara moja, ikaenda chaneli za kulipia, na mwisho kabisa ikafika chaneli za bure. Film4 yenyewe imekaa nafasi mbili katika foleni hiyo. Ilizinduliwa tarehe 1 Novemba 1998 kwa jina la FilmFour, chaneli ya kulipia. Tarehe 23 Julai 2006 ikafunguliwa kwa wote, gharama zikabebwa na matangazo ya biashara. Kwa hiyo ile "bure" ya mjukuu hulipwa na wauza magari na sabuni wa Uingereza, ambao hawana haja ya kumtangazia mtu wa Shela. Mimi hiyo ndiyo sababu naipa uzito kuliko zote, ingawa wanasheria hupenda kuanza na haki miliki.

Film4 ina upande wa pili, na huo umetufikia pasipo dishi. Mama yake, Channel 4, tangu ianze kurusha matangazo mwaka 1982 imekuwa ikitia fedha katika utengenezaji wa filamu. Film4 ilichangia The Last King of Scotland ya mwaka 2006, iliyopigwa Uganda, ambamo Forest Whitaker aliigiza Idi Amin akapata Oscar. Ilichangia pia 12 Years a Slave ya mwaka 2013, iliyompa Lupita Nyong'o wetu tuzo yake Machi 2014. Mwalimu aliposikia jina la Lupita akaweka kikombe chini. Aliiona kwenye kibanda cha video Majengo, akasema, picha imekwaruzwa na sauti inatangulia midomo.

Vibanda hivyo ndivyo vilivyokuwa chaneli yetu ya filamu kwa miaka mingi, na bado vipo kutoka Mtangani hadi Mtwapa: mabenchi, pazia zito mlangoni, na sauti ya mfasiri wa filamu DJ Afro ikimgeuza jambazi wa Hong Kong awe mtu wa mtaani. Najua ruhusa hakuna pale. Sheria ya hakimiliki ya Kenya huilinda filamu miaka 50, na hata dekoda ya nyumbani hairuhusiwi kuonyeshea watu kwa kiingilio. Lakini mtu asiniambie kwamba kibanda hakina utaalamu. Kutafsiri, kufafanua na kuchekesha kwa pumzi moja, filamu nzima, ni kazi ambayo chaneli zenye leseni zimechelewa kuiga.

Zimechelewa, lakini zimekuja. Azam ya Dar es Salaam ina Sinema Zetu, DStv ina Maisha Magic Bongo na Maisha Magic East, na filamu zenyewe ni za Kiswahili, zilizonunuliwa kwa ajili yetu. Ukitembea mitaa ya Kilifi, Mnarani au Kibaoni, tazama mapaa utajua nani analipa nani. Dishi linalokaribia kulala chali ni la DStv, maana setilaiti yake iko nyuzi 36 na sisi tuko nyuzi 40, ni kama iko juu ya kichwa. Linalotazama magharibi limeinuka nusu ni la Azam, nyuzi 7. Hilo la kulala chali kunguru hulipenda sana. Akitua kwenye mkono wa LNB, kile kichwa cheupe cha mbele, mwelekeo hupotea na simu yangu hulia.

Adui wa pili ni chumvi. Upepo wa kusi huipeleka hadi ndani ya kiungo cha waya, shaba inageuka kijani, na mteja analalamikia kampuni. Funga kiungo kwa tepe ya mpira, ukipake grisi kwanza. Wa tatu ni masika. Mawimbi haya yana urefu wa kama sentimita mbili na nusu, na matone mazito huyanywa njiani. Hapo fundi hana dawa, subiri wingu lipite.

Basi dishi la Mwalimu nililigeuza magharibi, nikalikaza, nikabadilisha kiungo kilichooza. Kisanduku cha London kikabaki chini ya televisheni, kimepandishiwa kile kipya cha Azam. Tulipotoka uani akaniomba nimwonyeshe mahali hasa ilipo ile ya Kongo. Nikamnyooshea kidole magharibi, juu sana kupita kilele cha mnazi wa jirani. Akakinga macho kwa kiganja, akatazama kitambo kirefu.

"Kumbe imetupa kisogo," akasema, akarudi ndani kwenye mahamri yake.